Kabla hujasaini, msome Mary Pickford

Aprili 1909 msichana aliyekuwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 17 aliingia kwenye studio ya kampuni ya filamu ya Biograph, jengo namba 11, Mtaa wa 14 Mashariki, New York, kutafuta kibarua cha kuigiza. Bei ya pale ilijulikana: dola 5 kwa siku. Akafanya kazi siku moja, kisha akamwambia muongozaji, D. W. Griffith, kwamba yeye ni mwigizaji wa jukwaa, ameshapanda Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, na kwa dola 5 hafanyi. Wakamalizana kwa dola 10 kwa siku, na akahakikishiwa dola 40 kwa wiki.

Nawaanzishia hapo, wadogo zangu mnaoingia kwenye uigizaji, kwa sababu ya kazi yangu. Mimi ni mtu wa upande ule wa pili wa meza. Napanga ratiba za tamthilia hapa Dar es Salaam, nalipa waigizaji, nasainisha mikataba. Nawaona mnavyokuja. Ukiambiwa ulie, machozi yanatoka kabla kamera haijawashwa. Ukiletewa karatasi, unauliza swali moja tu: "Nisaini wapi?" Hata ukurasa wa pili haufunuliwi.

Msichana huyo, Mary Pickford, ndiye ninayewatajia kila mara, na wengi wenu hamjawahi kumsikia. Filamu zake karibu zote ni za kimya, na yeye alifariki mwaka 1979. Lakini kwa mwigizaji anayeanza, sijaona maisha yenye mafunzo ya kikazi kuliko yake.

Usidhani alikuwa na jeuri ya mtoto wa tajiri. Alizaliwa Toronto, Kanada, mwaka 1892, akaitwa Gladys Smith. Baba yake alifariki mwaka 1898, mama yake Charlotte akabaki na watoto watatu, Gladys akiwa ndiye mkubwa. Mama akawa anashona na kupangisha chumba. Mpangaji mmoja alikuwa mtu wa kampuni ya maigizo, na kupitia kwake watoto wakapata nafasi jukwaani. Baada ya hapo ilikuwa miaka ya kuzunguka Marekani kwa treni, mji huu leo, ule kesho, wakilala kwenye nyumba za wageni za bei ya chini kabisa. Mwaka 1907 akampata David Belasco, mkubwa wa Broadway wa wakati huo, na chini yake ndipo Gladys Smith akageuka Mary Pickford.

Kwa hiyo alipofika Biograph hakuwa mgeni. Alikuwa na karibu miaka kumi ya jukwaa, na hiyo ndiyo aliyoiweka mezani. Nawe ukija kwangu usiniambie "nina kipaji", kwa sababu kila anayekaa kwenye kile kiti ananiambia hivyo. Niambie umecheza wapi, mchezo gani, nani alikuongoza. Maigizo ya shule ni kazi, ya kanisani ni kazi, kikundi chenu cha mtaani kilichozunguka kuhamasisha chanjo nacho ni kazi. Mwenye historia ana pa kusimamia anapotaja bei.

Hapo hapo nawaomba msichanganye bei na maringo. Pickford alitaja bei ya juu, halafu akakubali kila nafasi aliyopewa. Mwaka ule wa 1909 peke yake alitokea kwenye filamu 51, fupi fupi za dakika chache. Alicheza msugua sakafu, karani, mama wa watu, wanawake wa kila taifa. Mwenyewe alieleza hesabu yake baadaye: akionekana kwenye picha nyingi kadiri iwezekanavyo, watu watamjua, na wakimjua watamtaka. Sisi huwa tunapokea kinyume chake, mtu ambaye bei hajui kuitaja lakini nafasi ya mfanyakazi wa ndani anaikataa kwa sababu haimpendezeshi. Huyo amekuja kuuza sura.

Watu kumjua haikuwa rahisi, maana Biograph haikuandika majina ya waigizaji kwenye filamu. Studio zilihofia kwamba mwenye jina atadai nyongeza, na hofu hiyo ilikuwa ya haki kabisa. Watazamaji wakambandika Pickford jina wao wenyewe: msichana wa nywele za dhahabu. Aliyemtangulia pale, Florence Lawrence, alikuwa akiitwa "Msichana wa Biograph" tu. Carl Laemmle alimchukua kwenye kampuni yake ya filamu ya IMP, mwaka 1910 habari zikavuma kwamba amekufa, halafu Laemmle akalipia tangazo la kukanusha uongo ambao inaaminika aliueneza yeye mwenyewe. Jina la Florence Lawrence likajulikana nchi nzima. Mpaka leo hutajwa kama nyota wa kwanza wa sinema. Lakini jina halikumlinda. Aliumia kazini, akakaa pembeni, na aliporudi watu walikuwa wamehamia kwa wengine. Miaka ya 1930 alikuwa akipewa nafasi za kupita tu nyuma ya wenzake. Alijiua mwaka 1938. Nawaeleza haya nyie mnaohesabu wafuasi kwenye simu mkadhani ndiyo mkataba.

Pickford aliligeuza jina kuwa karatasi. Mwaka 1911 alihamia kwa huyo huyo Laemmle kwa dola 175 kwa wiki. Mwaka 1913 akaenda kwa Adolph Zukor wa Famous Players, dola 500. Januari 1915, dola 2,000 na nusu ya faida. Tarehe 24 Juni 1916 alisaini mkataba wa dola 10,000 kwa wiki, nusu ya faida, na mamlaka juu ya utengenezaji wa filamu zake, huku akihakikishiwa si chini ya dola 1,040,000 kwa miaka miwili. Alikuwa na miaka 24. Inasimuliwa kwamba prodyuza Samuel Goldwyn alitania kuwa mkataba wa Mary huchukua muda mrefu kuliko filamu yake.

Kila anayesimulia habari hii hukimbilia zile dola 10,000. Mimi macho yangu yako kwa mama. Charlotte alikuwepo kwenye kila mazungumzo. Yeye ndiye aliyekuwa mgumu, binti akabaki msichana mtamu ambaye kesho yake anarudi kazini na kusalimiana vizuri na bosi. Nawe njoo na mtu. Si lazima awe wakili, ingawa wakili ni bora. Njoo na dada yako anayejua hesabu, au mwalimu wako wa zamani, mtu asiyeshikwa na kiwewe akiona kamera. Na kama mwenye kampuni atakasirika kwa sababu umekuja na mtu, umeshapata taarifa muhimu kumhusu kabla ya kufungua karatasi.

Kuna jambo la 1916 ambalo nataka mlitulie. Pickford aligundua kwamba filamu zake zinauzwa kwa kufungamanishwa. Mwenye ukumbi aliyetaka filamu ya Mary alilazimika kuchukua na filamu nyingine za kampuni hiyo hiyo, ambazo hakuna aliyeziulizia. Ukumbi unajaa Mary akiwepo, wiki inayofuata viti vitupu, lakini kampuni imeshalipwa kwa zote. Maana yake jina lake lilikuwa linasukuma kazi za watu wengine, na nusu ya faida yake ilihesabiwa kwenye filamu zake tu. Akadai filamu zake ziuzwe peke yake, na ikaundwa kampuni ya Artcraft kwa ajili ya kuzisambaza.

Hilo swali, "kazi hii itauzwaje?", ndilo ambalo silisikii. Waulizeni kaka na dada zenu waliocheza enzi za DVD, filamu zilipokuwa zinauzwa Kariakoo moja kwa moja, haki zote, kwa fedha ya mkupuo. Baadhi ya filamu zile zinaonyeshwa mpaka leo na waliozicheza hawapati kitu, maana walichosaini kilikuwa ni kuachia kila kitu. Sasa tuna vituo vya televisheni, tuna programu za simu, tuna YouTube. Uliza: mnairusha wapi? Mkiiuza nje ya nchi mimi nina fungu? Vipande vyangu mtavikata kutengeneza tangazo la sabuni? Sura yangu kwenye bango ni ya miezi mingapi? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mwigizaji kama mwenye haki, na ofisi ya hakimiliki, COSOTA, ipo. Nenda ukaulize kabla ya kusaini. Ukienda baada ya hapo safari inakuwa ndefu sana.

Lakini msije mkadhani alikuwa mtu wa karatasi tu. Nguvu ya kudai ilitoka kwenye kujua kazi, yake na ya wenzake. Alifanya kazi kwa miaka na mpiga picha mmoja, Charles Rosher, na mwandishi mmoja, Frances Marion, na alijua taa inakaa wapi na kwa nini. Chukua filamu ya 1917, The Poor Little Rich Girl, ambamo alicheza mtoto tajiri wa miaka 11 mwenye upweke. Walichonga viti na milango mikubwa kupita kiasi na kumzungushia waigizaji warefu, mwanamke wa miaka 24 akaonekana kama kitoto. Muongozaji, Maurice Tourneur, alitaka mambo ya heshima na uzuri wa picha. Pickford na Marion wakaingiza vita ya kurushiana matope. Wakubwa wa kampuni walipoiona hawakucheka hata kidogo, wakaamini ni hasara, na Mary akalazimika kunyenyekea na kukubali filamu mbili chini ya muongozaji Cecil B. DeMille. Ile filamu ilipotoka, watu walifurika.

Mwaka uliofuata alicheza nafasi mbili kwenye filamu moja, Stella Maris: binti mlemavu wa kitajiri, mrembo, na yatima asiyevutia kwa lolote. Mtafute huyo yatima. Nywele zimepakwa mafuta zikalala kichwani, bega moja limeshuka, mdomo umelegea, hathubutu kumtazama mtu usoni. Hakuna sauti, hakuna muziki wa kukuambia uhurumie. Watazame wote wawili wanavyokaa tu, bila kufanya lolote, uone mwili mmoja unavyobeba watu wawili. Zoezi ninalowapa wanaoanza ni hilo: zima sauti ya tamthilia yako uliyocheza, ujitazame. Wengi mtakuta mnatikisa kichwa tu na kutoa macho.

Februari 1919 Pickford, waigizaji wenzake Charlie Chaplin na Douglas Fairbanks, na Griffith yule wa Biograph walianzisha United Artists, kampuni yao wenyewe ya kusambaza. Kila mmoja anatafuta fedha, anatengeneza filamu yake, anaimiliki, na kampuni inaipeleka kwenye kumbi. Mkubwa wa studio nyingine alisema vichaa wameshika hospitali ya vichaa. Kwa maoni yangu huu si ushauri wa mtu anayeanza. Kila mwaka naona vijana watatu wanachanga, wanakodi kamera, wanafungua kampuni kabla hata mmoja wao hajajua bili ya chakula cha lokesheni inakuwaje. Pickford alikuwa na miaka kumi ya kamera na mamilioni ya watazamaji alipofanya vile. Wewe kwanza tafuta nafasi ukae karibu na mhasibu.

Kuna pale alipokwama, na sitawaficha. Zile nywele za dhahabu za kitoto zilimfunga. Watu walimtaka mtoto, naye alikuwa anazeeka kama wote. Mwaka 1923 alijaribu nafasi ya mwanamke mzima chini ya muongozaji Ernst Lubitsch, aliyemleta kutoka Ujerumani, na baadaye hakutaka hata kuisikia filamu ile. Mwaka 1925 jarida la Photoplay liliwauliza wasomaji wanataka acheze nini, wakataja visa vya watoto. Mwaka huo huo, akiwa na miaka 33, akacheza msichana wa miaka 12. Mama yake alipofariki mwaka 1928, alikwenda kwa msusi New York akazikata nywele zile, ikawa habari ya magazeti kana kwamba jengo la serikali limeungua. Filamu yake ya kwanza ya sauti, 1929, ilimpa Oscar, lakini wale waliomtaka mtoto hawakurudi, na mwaka 1933 akafanya ya mwisho.

Wapo wanaosema angebadilika mapema. Ni rahisi kusema ukiwa hulipi mishahara ya watu. Ninachowashauri ni kidogo kuliko hicho: ukipendwa kwenye nafasi moja, ya mama mkwe mkorofi kwa mfano, pokea ya pili, lakini kabla ya kusaini ya tatu dai kuandikiwa nafasi tofauti ndani ya mkataba huo huo. Wakati unaotakiwa ndipo unaweza kudai. Prodyuza ataguna, atakubali. Mimi nimeshaguna mara nyingi.

Uzee wake haukuwa mtamu, pombe ilimsumbua na nyumbani alitoka mara chache. Ila njaa haikumgusa. Hisa zake za United Artists aliziuza mwaka 1956 kwa dola milioni 3, ikiwa ni miaka 23 tangu asimame mbele ya kamera mara ya mwisho. Na zile filamu fupi za Biograph, za enzi ya dola 10 kwa siku, alizitafuta akazinunua. Aliwahi kutaka zichomwe asije akachekwa. Marafiki wakamzuia, na mwaka 1946 akaanza kuzipeleka Maktaba ya Bunge la Marekani. Nyingi za wenzake zimepotea, kwa hiyo ukitaka kujua waigizaji wa 1909 walikuwa wakifanya nini na mikono yao, anza na za kwake, nyingine zipo mtandaoni bure. Kisha nenda kwenye ile ya 1927, My Best Girl, ya binti muuzaji wa dukani na kijana wa bosi. Hiyo itazame mara mbili, ya pili uwe na kalamu.