Niliacha Land Cruiser Nikapanda Bodaboda ya Tandahimba

Juzi msomaji mmoja wa Nachingwea kaniandikia: "Dada, shikamoo. Mkataba wangu unaisha Desemba, na mradi haujulikani kama utaongezwa. Kuna asasi ndogo hapa inanitaka niwe mratibu, ila mshahara ni nusu ya huu wa sasa. Mume wangu anasema nitulie. Nifanyeje?"

Marahaba mdogo wangu. Kaa, nikusimulie.

Mwaka 2018 nilikuwa afisa ufuatiliaji na tathmini wa shirika kubwa, ofisi yetu ipo Shangani ya Mtwara mjini, ukifungua dirisha upepo wa bahari huo. Gari la kwenda uwandani lilikuwepo, posho ilikuwepo, kiyoyozi kinaguruma kutwa. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu kina mama waliohudhuria semina, kujaza majedwali, kuyatuma Dar es Salaam. Siku moja kikaoni nikauliza, haya matokeo tunawarudishia lini wenyewe kule vijijini? Nikajibiwa kwamba shughuli hiyo haimo kwenye bajeti. Nadhani moyo wangu ulihama ofisi ile siku hiyo hiyo, mwili ukabaki kusubiri mshahara.

Ndipo asasi moja ya Tandahimba, inayolea vikundi vya hisa vya wakulima wa korosho, vile vya kuweka akiba na kukopeshana, ikaniita. Ofisi chumba kimoja nyuma ya duka la pembejeo, gari hakuna. Mjomba akaitisha kikao cha ukoo, na kwetu sisi Wamakonde mjomba si mtu wa kupuuzwa. "Tumekusomesha uje ukae na madaftari ya vijijini?" Mama alinyamaza, na kimya cha mama kilinielemea kuliko maneno ya mjomba. Bosi wangu naye akaniaga mbele ya wenzangu wote: "Tutakuwekea kiti, utarudi tu." Watu wakacheka. Kicheko kile ninacho mpaka leo.

Nikaenda. Na sijamaliza hata kuzoea vumbi, Novemba serikali ikatangaza kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, baada ya wakulima kugomea bei za wanunuzi binafsi. Malori ya jeshi yakaja kusomba. Bei ilifurahisha, lakini uhakiki wa wakulima ulichukua muda na malipo ya wengi yakachelewa hadi mwaka uliofuata. Sasa kikundi cha hisa kinaishi kwa nini kama korosho hazijalipwa? Hisa zikakauka, marejesho yakasimama, na mshahara wangu ulitegemea humo humo. Niliuza friji. Kina mama wa vikundi waliniletea muhogo na mbaazi, msimu wa ming'oko, vile viazi vya porini, ukifika wananiletea ming'oko. Nikawa napigia watu simu kuulizia nafasi za kazi, halafu nakata kabla hawajapokea.

Kilichonishikilia ni kwamba kwa mara ya kwanza niliona fedha inaingiaje. Kule Shangani fedha ilikuwa inatokea tu, mwisho wa mwezi imo kwenye akaunti. Tandahimba nilijifunza kuandika andiko la kuombea fedha za mradi mwenyewe, kukaa na afisa maendeleo ya jamii, kuviandaa vikundi kwa mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ule usio na riba wa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo nayo ikasimamishwa 2023. Tukahangaika tena. Iliporudi, vikundi vyetu vilikuwa na vitabu safi, foleni haikutusumbua. Katikati hapo kuna miaka ya vikao na risiti, nairuka, hamtaipenda.

Kisha Januari 2025 Marekani ikasitisha misaada yake ya nje, na Julai 1 USAID, shirika lake la misaada, ikafungwa rasmi. Fungu kubwa la shirika langu la zamani lilitoka huko. Magari yakaegeshwa, watu wenye shahada mbili wakakabidhi kompyuta mpakato na vitambulisho. Yule bosi alinipigia simu kuulizia kama tuna nafasi ya ushauri elekezi. Nilimkaribisha ofisini, nikampa chai na korosho za kukaanga. Habari ya kiti sikuigusa. (Nilitamani, Mungu ananiona.)

Kwa hiyo ninyi vijana mnaodhani usalama ni nembo mlangoni, amkeni! Kila kazi ya mradi ina tarehe ya kufa, tofauti ni kwamba wengine wameisoma kwenye mkataba na wengine hawataki kuisoma. Ondoka ukiwa bado unatakiwa. Jifunze fedha inakotoka. Jifunze kuandika andiko. Nimeshasema jifunze fedha inakotoka? Narudia, maana maafisa wengi wa miradi hawajawahi kuiona bajeti ya mradi wao kuanzia juu hadi chini.

Ila msiondoke kwa hasira. Mtu akijiuzulu mwenyewe, fao la kukosa ajira la NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ile theluthi ya mshahara kwa miezi 6, linampita. Nenda kaulize dirishani kwao kabla hujaandika barua, si baada. Na mume umkalishe na hesabu ya ada na kodi mezani. Maneno ya wito hayatamridhisha, wala mjomba hayakumridhisha.

Wewe wa Nachingwea, nusu mshahara si tatizo lako kubwa. Kabla hujajibu, omba uone cheti cha usajili, ripoti ya mwisho ya ukaguzi wa hesabu, na majina ya wanaotia saini benki. Ukikuta ni mwenyekiti na mkewe, baki ulipo na uombee mradi uongezwe.