Hao watu wamehamia lini? Kwa mnaoanza kupima majitaka Tanga

Kwenye kikao kimoja cha kijiji, huko kwenye mashamba ya mkonge, nilisoma ripoti nikasema majitaka ya korona, yaani mashine ya kuchakata majani ya mkonge, ni sawa na ya watu zaidi ya elfu kumi na saba. Mjumbe mmoja akanyoosha mkono: "Samahani mtaalamu, hao watu wamehamia lini?" Kikao kizima kikacheka, na mimi nikacheka. Njiani nikirudi mjini nikakubali kwamba mjumbe hakukosea. Mimi ndiye sikueleza.

Basi nieleze. Mtu mmoja, kwa choo, bafu na jiko lake, kila siku anatoa uchafu ambao bakteria wakiula wanatumia oksijeni ya maji. Oksijeni hiyo tunaipima maabara kwa siku 5, kwenye nyuzijoto 20, nayo ndiyo BOD. Nchi za Ulaya, katika agizo lao la 1991 la majitaka ya miji, zilikubaliana kumhesabu mtu mmoja kwa gramu 60 kwa siku. Chukua gramu zinazotoka kiwandani kwa siku, gawa kwa 60, utapata watu sawia. Kwenye fomu mtaona herufi PE. Ni kipimo tu, kama pishi na kibaba: kinatuwezesha kuweka korona, machinjio na mtaa mzima wa Makorora kwenye mizani moja.

Hesabu yenyewe mtoto wa sekondari anaiweza. Shida iko kwenye mtaro.

Wengi mnaotoka chuoni mnakimbilia ukali wa maji, yaani miligramu kwa lita. Chupa inapelekwa maabara, jibu linarudi 3,000, mnashtuka, ripoti inaandikwa. Lakini 3,000 ya maji yanayochuruzika na 3,000 ya mtaro uliojaa si kitu kimoja. Isitoshe, ukali unachakachulika. Kanuni zetu za 2007 zinataka BOD ya maji yanayotupwa isizidi miligramu 30 kwa lita, na mtu akifungulia bomba la maji safi ndani ya mtaro, ukali unashuka bila gramu moja ya uchafu kupungua. Ukizidisha ukali huo kwa maji yote ya siku, gramu zinarudi pale pale.

Kwa hiyo pima maji kwanza. Mtaro mdogo, ndoo ya lita 20 na saa ya simu vinatosha. Mtaro mkubwa, weka ubao wenye mkato wa V wa nyuzi 90, usome kimo cha maji juu ya ncha ya mkato. Hapa ndipo nilipoumia. Mara ya kwanza niliegemeza rula kwenye ubao wenyewe, nikasoma sentimita 10. Maji yakikaribia mkato yanainama kabla ya kuanguka, kwa hiyo nilikuwa nasoma mgongo wa maporomoko, si kimo. Rudi nyuma, angalau mara nne ya kimo hicho, ndipo usome. Pale nilipaswa kupata kama 15. Utasema sentimita 5 ni kitu gani? Ubao ule kwa sentimita 10 unapitisha lita 4.4 kwa sekunde, kwa 15 unapitisha lita 12.2. Karibu mara tatu! Kwa zamu ya saa 8 hiyo ni mita za ujazo 127 au 351. Ukali ukiwa 3,000, unapata watu 6,350 au watu 17,550. Rula moja, watu elfu kumi na moja wamepotea.

La pili nilifundishwa na mzee wa zamu, si mhandisi. Nilikuwa nachota sampuli yangu saa nne asubuhi, nafunga boksi la barafu, naondoka. Siku hiyo nikamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia marahaba huku anacheka. "Mwanangu, wewe kweli umefika Tanga. Waja leo waondoka leo. Unajua korona inaoshwa saa ngapi?" Sikujua. "Saa kumi. Kaa uone."

Nikakaa. Saa kumi mtaro ulibadilika rangi ukawa kijani kizito, povu likapanda, harufu chachu ikakamata koo. Mabaki yaliyoganda tangu asubuhi yalikuwa yanashuka yote kwa nusu saa. Tangu siku hiyo nachota kila saa, zamu nzima, na kila chupa naichanganya kwa kiasi kinacholingana na maji yaliyokuwa yanapita saa ile. Sampuli ya mara moja siku hizi naiita waja leo, na vijana wangu maabara wameshalizoea jina hilo.

Halafu omba daftari la uzalishaji. Singa, yaani nyuzi zinazouzwa, ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani la mkonge, kwa hiyo tani moja ya singa imeacha nyuma karibu tani 24 za kitu kingine. Kama daftari linasema tani nyingi na mtaro wako unasema watu wachache, mmoja wenu anadanganya, na mara nyingi ni mtaro wako. Au mabaki yanakwenda kwingine: Hale, kwa mfano, ulijengwa mtambo wa biogesi wa kuzalisha umeme kutokana na mabaki hayohayo. Kinachofika kwenye mtambo hakifiki mtoni, usikihesabu.

Kosa hilohilo mnalifanya kwa ng'ombe. Ng'ombe wa maziwa wa kilo 400, ukihesabu kinyesi na mkojo wote, ni kama watu 10. Anakuja kijana na jedwali, anazidisha kwa idadi ya ng'ombe wa kata, anatangaza janga. Mfugaji anayefungia bandani anazoa samadi anapeleka kwenye migomba. Kinachoingia mtaroni ni mkojo na maji ya kuoshea sakafu. Nenda ukaangalie sepetu kabla ya jedwali.

Maziwa yenyewe ndiyo ya kuogopa, ingawa ni meupe na hayanuki. Lita moja ya maziwa halisi ina karibu gramu 100 za BOD. Mtungi wa lita 20 ukianguka kwenye kituo cha kukusanyia na ukasukumwa mtaroni kwa maji, umemwaga uchafu wa siku nzima wa watu zaidi ya 30. Damu ya machinjio ni kali kuliko hata maziwa, na hapo kumbukeni Idd el-Hajj: wiki ile ipimwe peke yake. Agizo la Ulaya nalo linahesabu kwa wiki yenye mzigo mkubwa kuliko zote, si kwa wastani wa mwaka.

Maabara nitapita haraka. Chupa ijae hadi mdomoni, ikae kwenye barafu, ianze kupimwa siku hiyohiyo. Majimaji ya mkonge ni chachu, rekebisha uchachu kwanza, la sivyo bakteria hawali na utapata jibu dogo la kufurahisha. Zimua kwa viwango vitatu au vinne. Ukikuta siku ya tano oksijeni imekwisha kabisa, huna jibu, umepoteza siku tano. Na nyuzi 20 kwa joto letu la Tanga maana yake kabati la chupa linapoozwa kwa umeme muda wote. Umeme ukikatika usiku, andika. Mimi niliwahi kunyamaza, nikajikuta natetea namba nisiyoiamini mwenyewe.

Mwisho ni kigawanyo. Gramu 60 ni za Ulaya. Jopo la umoja wa mataifa la tabianchi, kwenye mwongozo wake wa 2006, linamhesabu mtu wa Afrika kwa gramu 37. Korona ileile ya watu 17,550 inakuwa ya watu 28,000 na ushei, bila jani moja kuongezeka. Andika umegawa kwa ngapi, kwenye mstari uleule wa jibu. Uandike pia kwamba ni watu wa oksijeni tu: maji ya korona hayabebi kipindupindu kama choo, na mabwawa yaliyotosha mtaa si lazima yatoshe uchachu wake.

Nilirudi kwenye kikao kile mwezi uliofuata, nikaanza na pishi na kibaba. Mjumbe wangu akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Sasa hao watu elfu kumi na saba, choo chao nani anajenga?"