Betri ya tatu, alternata ya pili, na gari bado haliwaki Jumatatu

SWALI: Fundi, salaam. Natumia Toyota IST ya injini ya 1NZ. Naishi Kigamboni, kazi yangu iko mjini. Tangu mwaka jana nimeshanunua betri tatu mpya, zile ndogo za NS40. Betri ya pili ilipokufa, fundi wa mtaani aliwasha gari, akachomoa waya wa betri, gari ikazima, akasema alternata imekufa. Nikafunga nyingine ya mtumba. Ikatulia kama miezi miwili hivi, sasa tumerudi palepale. Siku za kazi gari inawaka vizuri tu, lakini nikiipaki Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi ni tik-tik-tik na taa za dashibodi zinafifia. Jirani akinibusti inawaka na siku hiyo haisumbui tena. Ile taa nyekundu ya betri haiwaki nikiwa barabarani, ila usiku nikiwa kwenye foleni ya pantoni, taa na AC vikiwa vimewashwa, huwa naiona inamulika kwa mbali. Sijui kama hili linahusika: gari ilifungwa alamu na traka (kile kifaa cha kufuatilia gari lilipo) muda mfupi kabla ya haya yote kuanza. Fundi sasa anataka ninunue alternata ya tatu. Ninunue?

JIBU: Dada yangu, usinunue kwanza. Hela ya alternata ibaki nayo mpaka gari lipimwe, kwa sababu kwa maelezo yako mwenyewe una matatizo mawili, na moja kati ya hayo alternata mpya haitaligusa kabisa.

Nianze na Jumatatu, maana hapo ndipo ushahidi ulipo. Alternata, yaani jenereta ndogo inayochaji betri, hufanya kazi injini ikiwa inazunguka tu. Kama ndiyo ingekuwa mbovu peke yake, gari lingekusumbua Jumatano jioni baada ya siku mbili tatu za foleni. Lako linasumbua baada ya kulala. Betri inakwenda kulala ikiwa na moto, inaamka haina. Kwa hiyo kuna kitu kinakula umeme gari likiwa limezimwa, funguo uko ndani kwako.

Kila gari la kisasa hula kidogo likiwa limezimwa: saa, kumbukumbu ya redio, kompyuta, alamu. Kiasi kinachokubalika ni miliampea 50 kushuka chini. Betri ya NS40 ina kama ampea-saa 35. Kutoka Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi ni karibu saa 60. Kwa miliampea 50 unapoteza ampea-saa 3 tu, na gari linawaka bila shida. Sasa tuseme kuna kitu kinavuta miliampea 400, yaani umeme wa kuwasha taa ndogo ya ndani. Zidisha kwa saa 60, unapata ampea-saa 24. Betri imebakiwa na chini ya theluthi moja, na stata, mota inayoianzisha injini, haiwezi kuzungushwa na theluthi. Ile tik-tik-tik ni selenoidi, swichi ya stata, inavuta na kuachia, inavuta na kuachia, kwa sababu moto uliopo unatosha kuivuta lakini hautoshi kuzungusha mota. Gari likilala usiku mmoja tu, uvujaji huohuo unaondoka na ampea-saa 5 au 6, na gari linawaka. Ndiyo maana siku za kazi huoni kitu.

Hapo pia ndipo betri zako zilipokufa. Betri ya gari imetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache na kujazwa tena mara moja. Haikutengenezwa kukaushwa. Kila inapokauka na kukaa hivyo, sahani zake zinashika salfeti, na salfeti ikiganda hairudi tena kuwa chaji. Ukiikausha kila wikendi, betri nzuri kabisa inakwisha ndani ya miezi. Joto la Dar es Salaam linaharakisha: kwa kanuni ya jumla, kila joto likipanda nyuzi 10 juu ya 25, umri wa betri unapungua karibu nusu. Sidhani kama uliuziwa betri feki mara tatu mfululizo.

Na alternata ya kwanza? Huenda iliponzwa na uvujaji huohuo. Kazi ya alternata ni kurudisha kile kidogo stata ilichotumia na kulisha vifaa vya gari. Ukibustiwa asubuhi na betri imekauka, kisha ukaondoka moja kwa moja, alternata inalazimika kutoa karibu uwezo wake wote kwa muda mrefu. Kwenye foleni ya pantoni, injini iko mzunguko wa chini na feni ya alternata inazunguka polepole, hivyo inachemka. Dayodi, vile vipande ndani yake vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, ndizo zinazotangulia kuungua. Siku nyingine ukibustiwa, peleka betri ichajiwe kwa chaja taratibu usiku mzima, ampea 3 au 4 kwa betri ya ukubwa wako, ndipo uiamini.

Sasa kuhusu ule upimaji wa kuchomoa waya wa betri injini ikiwa inaunguruma. Nasema hili kwa uchungu kwa sababu bado linafanyika kila mtaa: usimruhusu mtu yeyote alirudie kwenye gari lako. Betri ndiyo inayotuliza volti za mfumo mzima. Ukiitoa ghafla wakati alternata inasukuma ampea nyingi, volti zinaruka hadi makumi kwa sehemu ndogo ya sekunde, na mruko huo unaweza kuua regyuleta (inayodhibiti volti za alternata), dayodi, hata kompyuta ya injini. Na jibu lenyewe halina maana. Alternata nzima inaweza kuzima gari ikitolewa betri, na yenye dayodi moja mbovu inaweza kuliacha linaunguruma. Mita ya kupimia volti na ampea, ya bei ya kawaida ya duka la vifaa vya umeme inatoa jibu la kweli bila kuharibu chochote.

Upimaji uanze na betri yenyewe, ikiwa imechajiwa ikajaa, maana huwezi kupima alternata kwa betri iliyokauka. Ikishajaa, washa taa kubwa dakika mbili, zima, subiri kidogo, kisha pima. Volti 12.6 ni betri iliyojaa, 12.4 ni robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni kama robo. Ikiwa imechajiwa usiku kucha na bado inakaa 10.5, chumba kimoja kimekufa na hakuna la kufanya. Halafu mtu apige stata huku wewe unatazama mita: isishuke chini ya 9.6. Ikishuka wakati betri imejaa, betri imechoka. Kama betri yako ina vifuniko, tazama maji. Yakipungua unaongeza maji ya betri (distilled), si asidi. Asidi haivukizwi, kinachopungua ni maji, na kuongeza asidi ni kuunguza sahani.

Ukishamaliza hapo, washa injini. Volti kwenye betri zinatakiwa kuwa kati ya 13.8 na 14.5. Washa taa, AC na feni, kanyaga mafuta kidogo hadi mizunguko 1,500 au 2,000, na zisishuke chini ya 13.5. Zikivuka 15, regyuleta imekufa na betri inapikwa. (Wenye Honda wasishtuke wakiona 12.8 gari likiwa linaunguruma bila vifaa. Honda nyingi hupunguza chaji kwa makusudi ili kuokoa mafuta. Washa taa kubwa na volti zinapanda.) Kisha geuza mita kwenye AC, yaani upande wa umeme wa kupishana, na upime hapohapo kwenye betri. Ukiona zaidi ya nusu volti, dayodi zina shida.

Hili linatuleta kwenye taa yako inayomulika usiku, ambayo ndiyo tatizo la pili. Kumulika kwa mbali vifaa vingi vikiwa vimewashwa huwa ni dayodi mbovu, kuteleza kwa mkanda unaoizungusha alternata, au umeme unaopotea njiani. Kwako ningeanza na mkanda, na sababu ninayo. Kwenye injini ya 1NZ hakuna kikaza mkanda kinachojiendesha. Mkanda unakazwa kwa kuisogeza alternata yenyewe na kufunga bolti zake. Kwa hiyo kila anayebadilisha alternata ndiye anayeamua mkanda ukazwe kiasi gani. Ukiwa legevu, unavuta vizuri mchana na kuteleza usiku mzigo ukizidi. Wakati mwingine unalia mlio mwembamba, wakati mwingine hausikiki kabisa, ila ukitazama puli utaikuta imeng'aa kama kioo.

Kuhusu umeme unaopotea njiani, hapa mafundi wengi wanaruka. Injini ikiwa inaunguruma na vifaa vimewashwa, weka waya mmoja wa mita kwenye bolti ya B ya alternata, ile yenye waya mnene, na mwingine kwenye kichwa chanya cha betri. Usomaji mzuri ni chini ya 0.2. Ukiona 0.5 au zaidi, waya au maungio yake yameoza. Rudia upande wa pili, kutoka mwili wa alternata hadi kichwa hasi. Kwa magari yanayoishi karibu na bahari, waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi na injini huliwa na chumvi chini ya ganda la plastiki, nje unaonekana mzima. Ule unga mweupe kwenye vichwa vya betri uoshe kwa maji ya moto yenye magadi soda, kausha, kaza, paka grisi juu. Usisahau soketi ndogo nyuma ya alternata, yenye herufi IG, S na L. S ndiyo inayoiambia alternata betri iko volti ngapi, na katika Toyota nyingi ina fyuzi yake. Alternata za mtumba huja na soketi hiyo ikiwa imelegea au kuvunjika kilimi.

Turudi kwenye uvujaji, kazi inayohitaji subira kuliko zote. Fungua boneti, shusha kioo cha dereva, funga komeo la mlango kwa bisibisi ili gari lidhani mlango umefungwa, funguo upelekwe mbali. Chomoa waya wa hasi na uunganishe mita katikati ya waya huo na kichwa cha betri, ikiwa kwenye ampea 10. Hapo usiguse swichi wala stata, utaunguza mita. Mwanzoni utaona ampea moja au zaidi, ni kawaida. Subiri nusu saa kompyuta zote zilale, kisha soma. Ikibaki juu ya miliampea 50, umemkamata.

Wengi wanaanza kuchomoa fyuzi moja moja. Inasaidia, lakini kila ukirudisha fyuzi unaamsha kompyuta upya na kuanza kusubiri tena. Njia nzuri ni kugusa zile nukta mbili za chuma mgongoni mwa fyuzi, mita ikiwa kwenye milivolti. Fyuzi isiyopitisha umeme inasoma sifuri. Inayosoma chochote ndiyo ya kufuatilia.

Kwako, hata hivyo, nisingeanza na fyuzi. Alamu na traka mara nyingi huungwa moja kwa moja kwenye betri au kwenye swichi, nje ya kisanduku cha fyuzi, na viungo huviringishwa kwa seloteipu chini ya dashibodi. Traka yenyewe hula kidogo. Ila ikikosa mtandao hutafuta bila kupumzika, na alamu iliyounganishwa vibaya inaweza kuzuia kompyuta ya bodi isilale. Chomoa fyuzi za vifaa hivyo, zile zilizo kwenye nyaya zake, mita ikiwa bado imeunganishwa, tazama kama usomaji unaanguka. Gari likiwa la mkopo, traka ni ya mkopeshaji, mwite aliyeifunga afanye hilo mbele yako.

Ikiwa hakuna kilichobadilika, kuna mshukiwa wa mwisho ambaye hayumo kwenye fyuzi hizo: alternata ya mtumba yenyewe. Dayodi ikivuja, umeme unarudi kutoka betri hadi kwenye alternata usiku kucha. Asubuhi, kabla ya kuwasha gari, weka kiganja juu ya alternata. Injini ni baridi, nayo inatakiwa kuwa baridi vilevile. Ukiikuta na uvuguvugu, umepata jibu bila hata mita. Ikiwa ni baridi, bado haijaondolewa shaka, kwa hiyo chomoa hasi ya betri, fungua waya wa B, uzungushie kitambaa kikavu usiguse bodi, rudisha mita na usome tena. Usomaji ukianguka, basi alternata inahusika kweli. Hapo mpe fundi wa kutengeneza alternata abadilishe dayodi. Si lazima ununue nyingine nzima.

Kwa hiyo wiki hii fanya hivi: betri ichajiwe kwa chaja, mkanda na ethi (ule waya wa hasi wa bodi na injini) vikaguliwe, halafu kipimo cha uvujaji, traka na alamu zikiwa za kwanza. Wikendi hii, kabla hujapata mtu wa kupima, chomoa waya wa hasi Ijumaa jioni na uurudishe Jumatatu, gari likiwa limezimwa. Alamu itakuwa haifanyi kazi na redio itapoteza stesheni zake, kwa hiyo paki ndani ya geti. Likiwaka mara moja Jumatatu, betri uliyonayo bado inafaa na uvujaji umethibitika. Lisipowaka hata hivyo, betri hiyo ya tatu imeshaharibika nayo. Lakini usinunue ya nne kabla mita haijasoma chini ya miliampea 50.