Uliza Mwalimu wa Muziki: Garimoshi Ndani ya Kinanda cha Mdomo

SWALI: Mwalimu, pokea salamu kutoka Kisumu. Marehemu babu yangu alifanya kazi reli, na alituachia kinanda cha mdomo chenye matundu 10. Jioni alikuwa akikipiga mpaka unadhani garimoshi linaingia stesheni. Alituambia kuna Mmarekani mweusi aliyefanya hivyo redioni zamani. Ni nani huyo, alirekodi nini, na mimi nianzie wapi? – Mjukuu

JIBU: Mjukuu, pole kwa kumpoteza babu. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu nami nimekulia Nakuru nikisikia garimoshi usiku. Mtu huyo simfikirii mwingine ila DeFord Bailey.

Alizaliwa tarehe 14 Desemba 1899, Smith County, jimbo la Tennessee. Babu yake alikuwa mpiga fidla hodari, kwa hiyo muziki aliukuta nyumbani, kama mtoto wa mpiga orutu, fidla ya kamba moja, huku kwetu. Alipokuwa na miaka 3 akaugua polio. Karibu mwaka mzima alilala kitandani, na mkononi alikuwa na kinanda cha mdomo. Kilichomfikia masikioni ndicho alichokipiga: mbwa wa mawindo, kuku, treni inayopita mbali. Alipona, lakini mgongo ulibaki umepinda kidogo na kimo chake hakikufika futi 5.

Njia yake ya kwenda shule ilipita karibu na daraja la reli. Treni ikija alikuwa akiingia chini ya daraja, anafumba macho na kusikiliza mpaka behewa la mwisho lipite. Kisha anashinda siku nzima akiitafuta sauti ile. Ukisikiliza rekodi yake ya “Pan American Blues”, iliyopewa jina la treni ya abiria ya Cincinnati na New Orleans, utajua kwamba aliyepiga vile aliijua treni kwa mwili wake.

Rekodi zake ni chache mno, na jambo hilo huniuma. Aprili 1927 alirekodi nyimbo 8 New York kwa kampuni ya Brunswick. Mwaka 1928 kampuni ya Victor ilikwenda Nashville ikarekodi nyingine 8, ikatoa 3 tu. Santuri za wakati ule zina nyimbo zake 11, basi. Wengi walimjua kwa redio ya WSM, Nashville. Usiku wa tarehe 10 Desemba 1927, kipindi cha muziki wa okestra kilipokwisha, Bailey alifungua kipindi kilichofuata kwa wimbo wake wa treni. Alipomaliza, mtangazaji George D. Hay akasema wasikilizaji wametoka kwenye Grand Opera, na sasa hii ni Grand Ole Opry, yaani “opera” kwa matamshi ya watu wa mashambani. Jina hilo mpaka leo ndilo la kipindi mashuhuri kuliko vyote vya muziki wa kantri, na lilitamkwa nyuma ya pumzi za kijana mweusi.

Alizunguka na wanamuziki wazungu, watu wakajaa kumwona, lakini hoteli nyingi zilimkatalia kitanda. Mwaka 1941 palikuwa na mgogoro wa malipo ya haki za nyimbo redioni, na nyimbo alizozoewa nazo zikazuiwa. Akaachishwa kazi. Akaishi kwa kung'arisha viatu Nashville mpaka uzeeni. Alifariki tarehe 2 Julai 1982. Jumba la heshima la muziki wa kantri lilimpokea 2005, miaka 23 akiwa kaburini.

Sasa kinanda chako. Mwili wake ukiwa wa mbao usikioshe kwa maji, mbao itavimba. Kifute tu. Wengi huanza kwa kupuliza kwa nguvu; mimi nilifanya hivyo nikaharibu kilimi (kibati chembamba kinachotetema na kutoa sauti) cha tundu la 4, na sikuwa na pesa za kingine. Bluzi iko kwenye kuvuta pumzi. Kikiwa cha ufunguo wa C, ukivuta matundu 1 hadi 4 unapata kodi (chord) ya G, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, na hapo ndipo wapigaji wa bluzi hufanya makao. Noti hizo za kuvuta hukubali kupindwa, yaani kushushwa sauti kidogo kwa mdomo, zikalia kama mtu.

Kwa treni, vuta mara mbili, puliza mara mbili, matundu 1 hadi 3, polepole kama garimoshi linalotoka stesheni na mzigo. Usiongeze kasi mpaka pumzi zote zilingane. Honi ni kuvuta tundu la 3 na la 4 pamoja, viganja vimekizunguka kinanda, kisha unavifungua taratibu.

Lakini kabla ya hayo, sikiliza “Pan American Blues” mara moja, kinanda kikiwa mezani. Halafu mwite yeyote nyumbani aliyemsikia babu akipiga, naye asikilize. Mwambie akuonyeshe ni wapi babu alikuwa akiweka honi.