Mkristo na Dhambi ya Mwenzake: Niliyoyaona Nikiwa Katibu wa Baraza la Wazee

Kwa miaka tisa nilikuwa katibu wa baraza la wazee katika usharika wetu, kwenye mji mdogo wa Nyanda za Juu Kusini. Kazi yangu ilikuwa kuandika: mahudhurio, sadaka, michango ya paa, na mwishoni mwa kila kikao, ajenda tuliyoiita nidhamu ya kanisa. Hapo ndipo yalipoandikwa majina ya waliotengwa, yaani waliozuiliwa kushiriki Chakula cha Bwana mpaka watubu mbele ya watu na kurudi kundini.

Usiku wa kuamkia siku ya makabidhiano nilikaa nikalipitia daftari ukurasa kwa ukurasa, nikitaka katibu mpya apokee kitu kilichonyooka. Nikakuta majina 11 ya waliotengwa kwa ajili ya uzinzi. Yote 11 ni ya wanawake, na wengi wao walikuwa wasichana wa chini ya miaka 20. Pembeni, kwa mwandiko wangu mwenyewe, yalikuwapo maelezo ya upande wa wanaume: "amesafiri", "amekana", "si muumini wa usharika huu", "wazazi wataongea naye". Mimba 11, na hakuna baba hata mmoja aliyetengwa.

Nililia usiku ule. Na tangu hapo, kijana akiniuliza kama Mkristo anaruhusiwa kuhukumu dhambi ya mwenzake, siwezi kumjibu harakaharaka.

Anayeuliza kwa kawaida huja na aya yake tayari. Mmoja ameshika Mathayo 7, "Msihukumu, msije mkahukumiwa ninyi," na anachotaka ni kuachwa. Mwingine ameshika 1 Wakorintho 5, pale Paulo anapoliambia kanisa limwondoe mtu aliyekuwa akiishi na mke wa baba yake, na anachotaka ni ruhusa ya kumshughulikia mtu fulani ambaye jina lake analo kinywani. Wote wawili nawaomba wasome mpaka mwisho wa fungu.

Katika Mathayo 7 Bwana haishii kwenye "msihukumu". Anaendelea na kibanzi na boriti, na amri yake ina mpangilio: itoe kwanza boriti iliyo katika jicho lako, "ndipo utakapoona vema kukitoa kile kibanzi katika jicho la ndugu yako". Kwa hiyo kibanzi kipo, ni kibanzi kweli, kinamuumiza ndugu yako, na kinatakiwa kitoke. Yesu hasemi tujifanye hatukioni. Katika Yohana 7:24 anasema wazi: "Basi msihukumu hukumu ya macho tu, bali ifanyeni hukumu iliyo ya haki."

Fikiri basi jinsi kibanzi kinavyotolewa jichoni. Mwanao akiingiwa na kitu machoni, unanawa mikono, unamsogeza kwenye mwanga, unamshika kichwa akae atulie, unamwambia asiogope. Huwezi kukitoa ukiwa umesimama mbali, wala huwezi kukitoa kwa mkono wenye hasira. Na jicho ni mahali ambapo mtu hamruhusu kila mtu kugusa. Sisi katika ile ofisi ya usharika tulikaa wazee saba upande mmoja wa meza, na binti upande wa pili, peke yake.

Huko Korintho nako, Paulo anauliza inamhusu nini kuwahukumu walio nje. Hao Mungu atawahukumu. Jambo hili tunalipita upesi mno. Maneno mengi ninayoyasikia kwa Wakristo kuhusu dhambi yanawahusu watu ambao hawajawahi kukanyaga kanisani kwetu: wasanii, wanasiasa, jirani wa dini nyingine, mwanamke wa baa. Hatuna baraza juu yao. Na yule aliyeondolewa kule Korintho, wengi wanaona ndiye anayetajwa tena katika 2 Wakorintho 2, ambapo Paulo anawaomba wamsamehe na kumfariji, asije akamezwa na huzuni. Usharika wetu ulikuwa hodari wa sura ya tano. Ile nyingine sikumbuki tukiisoma kwenye kikao.

Mtu aliyenionyesha inavyotakiwa kufanyika alikuwa bibi mmoja mwanauamsho, yaani mtu wa ule uamsho wa kiroho wa Afrika Mashariki, sasa ni marehemu.

Wakati ule, nikiwa katibu, nilikuwa sijazungumza na wifi yangu kwa miaka mitatu kwa sababu ya mpaka wa shamba aliloacha baba mkwe. Usharika mzima ulijua. Nilikuwa nikiandika majina ya wanaozuiliwa mezani pa Bwana, na Jumapili mimi nakwenda mezani, naye wifi yangu amekaa benchi la nyuma. Hakuna mzee aliyewahi kuniuliza. Ugomvi wa shamba hauna tumbo linaloonekana.

Bibi yule alikuja kwa miguu, kilomita kadhaa, siku ya Alhamisi. Alinikuta jikoni nachambua maharage, akavuta kigoda, akaanza kuchambua pamoja nami. Tukaulizana habari za nyumbani, za mvua, za wajukuu. Kisha akasema, "Mwanangu, nimekuja kwa ajili ya wifi yako. Ila kabla ya hayo, acha nikwambie la kwangu." Akanieleza jinsi alivyomchukia dada yake wa tumbo moja kwa sababu ya ng'ombe wa mahari, na jinsi dada yule alivyofariki kabla hawajapatana. Alilisema bila kulipamba, machozi yakimtoka huku mikono ikiendelea na maharage. Alipomaliza hakuniambia nifanye nini. Tuliomba, nikamsindikiza mpaka barabarani. Jumamosi nilikwenda kwa wifi.

Wazee wa uamsho waliita hilo kutembea nuruni, neno walilolipata katika 1 Yohana 1:7. Uamsho huo unarudishwa nyuma mpaka mwaka 1929, pale daktari Mwingereza Joe Church alipokutana na Mganda Simeoni Nsibambi kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 ukawaka Gahini, Rwanda, kwenye hospitali ya misheni alikofanya kazi Church, ukasambaa Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Waliokolewa walisimama mbele ya wenzao wakataja dhambi zao wenyewe: wizi wa vitu vya hospitali, chuki ya kabila, Mzungu akikiri kiburi chake mbele ya Mwafrika. Kisha wakaimba Tukutendereza, wimbo wa Kiganda wa kumsifu Yesu. Wapo miongoni mwao ambao baadaye walianza kupimana nani ameokoka zaidi, na palipotokea hivyo uliingia mgawanyiko. Lakini bibi yangu alikuwa amebaki na lile la mwanzo. Alianza na boriti yake, mbele yangu, nikaiona kwa macho yangu. Ndipo nikamruhusu aguse jicho langu.

Sasa nikueleze ninachofanya mimi, nawe upime.

Nikisikia jambo baya juu ya mtu, ninajiuliza kwanza kama mtu huyo ni wangu. Je, naweza kufika kwake, nikaketi, nikapewa maji ya kunywa? Kama sina njia ya kufika kwake, basi mimi si wa kulisema. Nitamwombea na nitanyamaza. Nikiwa na njia, nakwenda mwenyewe kabla sijamwambia mtu mwingine yeyote, hata mume wangu, hata mchungaji. Ndivyo Mathayo 18 inavyosema: "wewe na yeye peke yenu." Hapa ndipo wengi wetu tunapoanguka, hasa sisi akina mama, kwa sababu tuna njia ya heshima ya kulitoa neno nje: "Tumwombee dada fulani, anapitia jambo." Likishasemwa hivyo kwenye ibada ya jumuiya, limeshakwisha kuhukumiwa na watu ishirini kabla mwenyewe hajaulizwa hata swali moja. Nimeona nyumba ikivunjika kwa ombi la namna hiyo, na mimi nilikuwa mmoja wa waliopiga magoti.

Nikifika, naenda nikiwa tayari kugundua kwamba nimekosea. Mara mbili nimekuta habari niliyoibeba haikuwa ya kweli kabisa. Nikikuta ni ya kweli, naiita dhambi kwa jina lake. Hili nalisema kwa sababu siku hizi upole umegeuzwa kuwa kuficha. Ukimwambia mtu anayemdanganya mkewe kwamba "sote ni binadamu", umemwacha na kibanzi chake jichoni ukaenda zako. Wagalatia 6:1 inataka aliyeghafilika arejezwe upya kwa roho ya upole, na anayemrejeza ajiangalie nafsi yake asije akajaribiwa naye. Kurejeza ni kazi, inachukua miezi. Ukishasema neno lako, rudi tena wiki inayofuata, na ile nyingine. Kama huna nafasi ya kurudi, usianze.

Mara nyingi tunaisoma habari ya mwanamke wa Yohana 8, aliyefumaniwa akizini na kuletwa mbele ya Yesu. Aliletwa peke yake, wakati Mambo ya Walawi 20:10 inawataja mzinzi mwanamume na mwanamke wote wawili. Waliomleta waliijua sheria vizuri. Mwanamume walimwacha wapi? Nilikuwa nimeisikia habari hiyo tangu shule ya Jumapili, lakini swali hilo lilinijia usiku ule wa daftari. Na mpangilio wa maneno ya Bwana ni huu: kwanza "Wala mimi sikuhukumu", ndipo "usitende dhambi tena". Sisi tulikuwa tukidai la pili hadharani, ndipo tulitoe la kwanza, na mtoto akisubiri ubatizo mpaka mama yake amalize.

Lipo jambo moja nisiloweza kuliacha. Haya ya kwenda peke yako, kwa upole, kwa siri, hayahusu mtu anayemuumiza mwingine asiye na nguvu. Baba anayemwingilia mtoto, mume anayempiga mkewe, mwalimu wa kwaya anayewachezea mabinti: huyo usimwendee jikoni ukachambue naye maharage. Mtoe kwanza anayeumizwa. Nenda polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, nenda ustawi wa jamii, na asikuambie mtu kwamba Biblia imesema msihukumu. Aya ile haikutolewa iwe pazia la mkosaji.

Katika yale majina 11, mmoja alikuwa na miaka 16. Sheria ya Tanzania ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 inasema msichana wa umri huo akiingiliwa na mwanamume asiye mume wake amebakwa, hata kama alisema ndiyo. Tulikuwa na mwalimu na muuguzi katika baraza, na mimi nina elimu ya kidato cha nne. Hakuna aliyesema neno hilo. Tulimwandika yeye aliyekosewa kuwa mkosaji, tukafunga kikao kwa sala. Nimelikiri jambo hili mbele ya mchungaji na mbele ya mama yake, na bado kila nikipita karibu na nyumba yao miguu inakuwa mizito.

Mwingine katika wale 11 alikuwa sauti ya kwanza katika kwaya ya vijana. Mbele ya meza ile tulimuuliza nani amempa mimba, akataja kijana wa usharika wa jirani. Mwenyekiti akasema, "Huyo si wetu. Mwandike huyu." Nikaandika. Hakurudi kundini, wala hakurudi kwaya. Tulisikia amehamia mjini.

Mwaka jana nilikwenda mjini kwa matibabu ya macho. Nikapita sokoni kununua dagaa, na muuzaji akaniinamia, "Shikamoo, mama katibu." Ilinichukua muda kumtambua. Nikaitikia marahaba, tukaulizana habari. Mtoto yuko kidato cha pili. Anasali kanisa lingine, karibu na anakokaa.

Nikamwambia hapohapo, katikati ya watu, kwamba nilimkosea, na kwamba jina lake bado liko kwenye daftari na la yule kijana halipo. Akawa anapanga dagaa fungu kwa fungu. Kisha akasema, "Mama, nilijua nimekosa kabla sijaingia ile ofisi. Nilikuwa na miezi minne, nimetoka nyumbani sijala, nikasimama muda wote ule. Hakuna aliyeniambia nikae."

Sikuwa na la kujibu. Sikumwambia arudi kwetu. Nikatoa pesa ya mafungu mawili. Akaifunga ile dagaa kwenye gazeti, akaitazama, akaifungua tena, akachota nyongeza kwa mikono miwili na kuiweka juu, ndipo akanipa. Halafu akavuta ndoo iliyokuwa nyuma yake, akaifunika kwa khanga, akaniambia nikae nimsubiri amalizie wateja wawili.