Nimekwama kitabu cha nane, niruke mpaka mwisho?

SWALI: Shikamoo dada. Mi msomaji wenu wa huku Kigoma, kazi yangu iko mwaloni Kibirizi, siku za mbalamwezi vipe, vile vyombo vya kuvulia samaki, haviendi ziwani ndo napata muda wa kusoma kwenye simu. Nasoma The Wheel of Time ya Robert Jordan, ile hadithi ndefu ya kichawi, vile vitabu 14, na cha kwanza mpaka cha sita nilikuwa silali, pale kwenye vita ya Dumai's Wells mwisho wa cha sita nilimaliza nikakaa tu kimya. Sasa nimemaliza cha nane na nimechoka dada. Mat, mmoja wa vijana wakuu wa stori, hayumo kitabu kizima wakati cha saba kimeisha ukuta umemwangukia, Faile mke wa Perrin katekwa, binti mfalme Elayne anahangaika na kiti cha enzi, halafu Nynaeve, yule mganga wa kijijini, kazi yake kuvuta msuko na kugombana na kila mwanaume. Mi naona mwandishi alishalewa sifa akawa anavuta stori ili auze. Na nasikia alifariki hajamaliza akamalizia mwingine, sasa hiyo si inakuwa stori ya mtu mwingine? Nirukie vitatu vya mwisho au niachane navyo? Mdogo wangu anasema nitazame tu ile ya kwenye TV. Nisimulie hata ya mbele, sijali.
Msomaji, Kigoma

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usiruke, nakuomba kabisa.

Kuchoka una haki, na kizito kuliko vyote bado hujakifikia, ni cha 10, kilitoka 2003, na sehemu kubwa yake inarudi nyuma kuonyesha watu wengine walikuwa wapi siku lile jambo la mwisho wa cha tisa, nakuja kukusimulia, linatokea, wanageuka wanahisi kitu kikubwa kiko mbali huko, basi, wanaendelea na shughuli zao. Waliokuwa wananunua vikitoka walisubiri zaidi ya miaka miwili kupata hicho. Ila kulewa sifa hapana, hapo nakukatalia. Tatizo la Jordan ni kwamba alishindwa kumwacha mtu njiani, kila aliyemtaja lazima amfuate mpaka ajue kafikia wapi, na upendo wa namna hiyo kwa watu wako unarefusha vitabu.

Na Nynaeve dada yangu yule usimchoke! Si unajua nguvu ya kichawi ya wanaume, saidin, imechafuliwa zaidi ya miaka 3,000 na kila anayeitumia mwisho wake wazimu. Mwisho wa kitabu cha tisa Rand, shujaa mkuu wa stori, anaisafisha, na anayemchagua asimame naye siku hiyo ni Nynaeve. Halafu cha 11 sura ya 20, yule mpiganaji Lan anataka kwenda peke yake kwenye pito la Tarwin's Gap kupigana na majeshi ya giza, kufia nchi yake ya Malkier iliyomezwa yeye akiwa bado mtoto mchanga, na mkewe Nynaeve anamwapisha kwamba yeyote atakayetaka kupanda farasi pamoja naye asimkatae, kisha kwa uchawi wake anamshusha mbali kabisa na huko anakokwenda, na yeye anazunguka mji kwa mji kuwatafuta Wamalkier waliotawanyika anawauliza, mfalme wenu aende vitani peke yake? Mi nimeisoma mara nyingi na kila mara nalia, na ukirukia cha 12 hiyo hutaipata, ndo maana nakusihi.

Kuhusu kufariki ni kweli, Jordan, jina lake halisi James Oliver Rigney Jr., aliondoka Septemba 2007 kwa ugonjwa wa moyo. Lakini alijua anaumwa, akaacha maelezo mengi, na tukio la mwisho kabisa la stori aliliandika mwenyewe. Mjane wake Harriet McDougal, ambaye ndo alikuwa mhariri wake toka kitabu cha kwanza 1990, akamchagua Brandon Sanderson amalizie, kilichotakiwa kuwa kitabu kimoja kikawa vitatu, 2009, 2010 na 2013. Tofauti utaiona. Mat wa cha 12 kwangu siyo Mat, utani mwingi mno na hauchekeshi kama zamani, hiyo ilinikera. Lakini Egwene, yule msichana wa kijiji kimoja na Rand, akiwa mfungwa ndani ya White Tower, makao ya wanawake wenye uchawi, na Rand kule juu ya mlima Dragonmount mwisho wa kitabu hichohicho, sidhani kuna msomaji wa Jordan atakayesema ameibiwa stori yake.

Ile ya TV mwambie mdogo wako ilianza 2021 ikasimamishwa 2025 baada ya sizini tatu, haijafika hata katikati ya vitabu, mwisho hataujua.

Kwa hiyo soma cha tisa chote, Mat anarudi humo. Cha 10 sura za Mat na yule binti wa kifalme Tuon zisome taratibu, za Perrin pita mbio tu. Halafu kabla ya cha 11 weka New Spring, ni kifupi, kinaeleza Moiraine, yule mwanamke mwenye uchawi aliyemtoa Rand kijijini, na Lan walivyokutana, ukitoka hapo ndo uingie sura ya 20 niliyokwambia.