Kupima kotisoli kwa mate ya usiku

SWALI: Mamangu ameandikiwa kipimo cha homoni ya kotisoli. Amepewa kichupa ateme mate saa sita usiku, kisha tukipeleke maabara Mombasa. Je, mate huonyesha kilichomo katika damu? Na kwa nini amekatazwa tambuu?
Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Ndiyo, ndugu msomaji, huonyesha, tena sehemu anayoihitaji daktari. Kotisoli nyingi ya damu hushikamana na protini. Ile kidogo iliyo huru, ambayo ndiyo hufanya kazi mwilini, ndiyo inayopenya hadi kwenye mate. Kwa mtu mwenye afya anayelala usiku, hufikia kilele dakika 30 hadi 45 baada ya kuamka, kisha hushuka mpaka ikawa chini kabisa karibu na saa sita usiku. Ikikutwa juu saa hiyo, ugonjwa wa Cushing, yaani mwili kuwa na kotisoli kupita kiasi kwa muda mrefu, hushukiwa, kwa hiyo andikeni saa kamili aliyotema.

Maabara hutia mate katika vishimo vya sahani ya plastiki, kwa kawaida 96, vilivyopakwa kingamwili zinazoikamata kotisoli. Humo hutiwa pia kotisoli iliyofungwa kimeng'enya, zikagombea nafasi zile chache. Vishimo vikishaoshwa, hutiwa dawa inayogeuka buluu palipo na kimeng'enya, na asidi huifanya manjano. Hapa wengi hutatizika: rangi ikikolea, homoni ya mgonjwa ni kidogo, kwa kuwa ile ya maabara ndiyo iliyopata nafasi.

Chokaa ya tambuu huweza kubadili uchachu wa mate hata kingamwili zisishike vyema, na fizi zikitoka damu, kotisoli ya damu huongezeka humo. Hata hivyo, mimi nahofia zaidi krimu za ngozi. Haidrokotisoni, dawa iliyomo katika baadhi ya krimu hizo, ni kotisoli yenyewe, na chembe zake zikitoka kidoleni zikaingia kichupani, jibu hupanda kwa uongo. Vidonge vya prednisoloni navyo hufanana nayo kiasi cha kuzihadaa kingamwili. Mama amtajie daktari dawa zake zote, wala asiache hata moja kwa uamuzi wake.

Anawe mikono, asile wala asipige mswaki muda mfupi kabla ya kutema. Kichupa kikae kwenye jokofu, na siku ya kuvuka Mokowe kibebwe ndani ya boksi lenye barafu. Daktari akitaka mate ya usiku mwingine, msidhani ya kwanza yaliharibika. Kiasi hubadilika usiku hadi usiku, na Cushing haithibitishwi kwa sampuli moja.